Wavivu Wawili wa Meza ya Pasi

"Shangazi, mbona unavaa sweta na wewe ndiye unayeshika pasi?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, binti wa darasa la pili, aliyekuwa amekaa juu ya fungu la mashuka ya watu akila chungwa ambalo hakuruhusiwa kulila pale. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati, chumba kizima kinafuka mvuke, na kila aliyekuja kuchukua nguo zake alisimama mlangoni kwa sababu ndani hakuingiliki. Shangazi alikuwa amefunga vifungo vyote vya sweta yake ya kijivu, mpaka cha shingoni. Alimtazama yule mtoto, akaitazama pasi, akafungua kinywa kama mtu anayetaka kujibu, kisha akageuza kola ya shati upande wa pili.

"Shuka hapo," akasema. "Utayachafua mashuka."

Hakuwa na jibu. Hilo lilimkera mpaka jioni, maana wengine wote katika nyumba ile walikuwa nalo jibu, tena la siku nyingi: Shangazi ni mvivu.

Duka lilikuwa la dobi, na mwenyewe, kaka yake Shangazi, mtaa mzima ulimwita Bosi, ingawa wafanyakazi wake walikuwa mke wake, dada yake na mbwa. Mke alifua. Dada alipiga pasi. Mbwa, ambaye jina lake lilitokana na kazi yake, Mlinzi, alilinda kamba za nguo uani. Bosi mwenyewe alishughulika na wateja, yaani alikaa kwenye kiti cha mlangoni akiwaambia kuwa nguo zao zitakuwa tayari kesho.

Zamani mkono wa Shangazi ulisifika. Sketi ya shule yenye marinda aliinyoosha mteja akiwa bado anauliza hali za nyumbani. Halafu, pole pole, pasipo siku ambayo mtu angeweza kuionyesha kidole, mkono ukawa mzito. Miguu ikawa mizito. Sauti ikakwaruza hadi watu waliopiga simu dukani wakawa wanamsalimia "mzee". Nyusi zikapungua kwenye ncha. Alikula sahani ndogo kuliko ya mtoto, na magauni yakazidi kumbana. Mchana aliweza kusinzia amesimama, pasi mkononi, na nusu ya mashati ya mtaa ule yalikuwa na kumbukumbu yake mgongoni, alama ya rangi ya chai yenye umbo la pasi.

"Huyu hapigi pasi," Bosi aliwaambia wateja. "Anabembeleza."

Aliwahi kwenda zahanati. Daktari hakuinua kichwa. Alimwambia apunguze kula na aongeze mwendo, na Shangazi akarudi nyumbani akihisi amesemwa na Bosi yuleyule, safari hii kwa muhuri.

Mwaka ule Bosi alikuwa ameanza kuzungumzia mashine ya mvuke. Ikija, alisema, kazi ya pasi ataifanya mkewe mwenyewe kwa kubonyeza tu, naye dada yake atapumzika katika chumba cha uani. Neno "atapumzika" alilitamka kwa upole kabisa. Shangazi alilisikia vizuri. Chumba cha uani kilikuwa na sakafu ya baridi na dirisha lisilofunga. Chini ya meza ya pasi lilipita bomba la maji ya moto, na hapo, akiwa amevua viatu na kulikanyaga kwa nyayo, ndipo mahali pekee duniani alipowahi kupata joto miaka ile. Zaidi ya hayo, aliwahi kuwaona watu walioambiwa wapumzike. Hupumzika mpaka hata chumvi hakuna anayekuja kuwaomba.

Basi akawa anajitahidi. Na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyosinzia.

Ndipo Mlinzi naye akaanza.

Mbwa huyu alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawia, na katika ujana wake alikuwa akibwekea hata kivuli cha soksi kwenye kamba. Sasa kila alipopata upenyo alihamia chini ya meza ya pasi na kulalia lile bomba kwa tumbo, hata Shangazi akawa anamsukuma kwa mguu ili apate sehemu yake. Alinenepa, na chakula hakikuongezwa. Mkia ulinyonyoka ukabaki kama mjeledi. Ngozi ya uso ikawa nzito, ikashuka juu ya macho, akawa na sura ya mtu aliyetoka kupewa habari mbaya. Wateja wengine walimpa pole bila kujua ya nini.

Siku moja kulipokucha, suti ya karani wa mahakama haikuwepo kambani. Mwizi aliruka ukuta, akachagua kwa utulivu, akaacha suruali mbili zilizochakaa, na kwa ushahidi wa nyayo zake alimruka Mlinzi wakati wa kwenda na kumruka tena wakati wa kurudi. Mbwa alikuwa papo hapo chini ya kamba, amelala.

Wote walidhani Bosi atashika fimbo. Bosi alichuchumaa, akamwinua Mlinzi masikio, akamtazama machoni kwa muda mrefu.

"Huyu mbwa hayuko sawa," akasema. "Mnyama hawi mvivu hivi hivi tu. Lazima kuna kitu kinamsumbua."

Shangazi alikuwa mezani. Alinyunyiza maji kwenye mkono wa shati, akapitisha pasi.

Iliamuliwa Mlinzi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ileile. Bosi asingeweza kuliacha duka, na mke wake alikuwa na mafungu ya kufua. Akachaguliwa Shangazi, kwa sababu, Bosi alieleza bila ubaya wowote, yeye asipokuwepo kazi haibadiliki sana. Waliondoka kwa miguu, na hawajawahi kutokea wasafiri walioelewana vile. Penye ukuta wa shule walipumzika. Penye duka la vipuri walipumzika. Hakuna aliyemvuta mwenzake.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye glavu zilizomzidi mikono. Alimpapasa Mlinzi shingo, akamsikiliza moyo, akaanza kuuliza. Analala sana? Sana, akasema Shangazi. Ananenepa na chakula ni kilekile? Kilekile, wakati mwingine anabakiza. Ngozi imekauka, manyoya yanapukutika? Shangazi alijishika nyusi kabla ya kujibu. Ndiyo.

"Anatafuta joto?"

"Baridi yake haiko nje, daktari. Iko ndani ya mifupa. Hata ukimweka juani haitoki. Na si kwamba hataki kuamka. Anataka. Anajiambia sasa naamka, na mwili hausikii."

Daktari aliacha kuandika. Alimtazama huyu mama mwenye uso uliovimba, amefunga sweta hadi shingoni mchana wa jua kali, anayeongea kwa sauti iliyokwaruza.

"Mama," akasema, "mbwa amekueleza yote hayo?"

Akamwambia kwamba shingoni kuna tezi ndogo inayotoa homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru mwili uende kwa kasi gani. Ya Mlinzi, kwa dalili alizoziona, ilikuwa imenyamaza, na damu ingethibitisha. Kisha akavua glavu, akasema yeye kibali chake ni cha wanyama na hana ruhusa ya kumtibu binadamu, kwa hiyo hamtibu. Anamwambia tu kwamba binadamu naye ana tezi hiyo.

Hospitalini walimuuliza nani kamtuma apimwe tezi. Shangazi hakuwa mtu wa kudanganya.

"Daktari wa mbwa," akasema.

Pale dirishani watu walicheka kidogo. Majibu ya damu yalipotoka hawakucheka tena. Kipimo kilikuwa kibaya kiasi kwamba daktari aliuliza amekuwa akifanya kazi gani na hali ile, na alipojibiwa ya kupiga pasi, aliuliza tena kama hakusikia vizuri.

Nyumbani habari ilipokewa kila mtu kwa namna yake. Bosi alipiga hesabu ya miaka kichwani, hakuipenda hesabu ile, akaamua kucheka.

"Basi, dada, una ugonjwa wa mbwa."

"Acha," mke wake akasema. "Mbwa ndiye mwenye ugonjwa wa wifi. Wifi katangulia."

Mtaani ikawa Mlinzi anaulizwa hali kila asubuhi. Karani wa mahakama mwenyewe, aliyepoteza suti, alipita kumwona mgonjwa na kusema kuwa amemsamehe. Dada yake Bosi alikuwa amesimama palepale juu ya mgonjwa, akimnyooshea karani shati, na karani akamwomba aharakishe kidogo.

Dawa zilikuwa za aina moja, kidonge kidogo cheupe. Za Mlinzi zilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi, kwa kuwa mwili wa mbwa huitumia dawa hiyo haraka na kuitupa. Daktari wa mifugo alilirudia hilo mara mbili. Mbwa atapewa asubuhi na jioni, mama kimoja tu alfajiri kabla ya kula, na wote wawili maisha yao yote. Bosi aliuliza kama maana yake ni hadi wapone. Akajibiwa hapana, tezi hairudi kazini. Vidonge vinashika zamu yake.

Kumpa Mlinzi kidonge ilikuwa kazi ya Shangazi. Mwanzoni kila alichompa kilifichwa shavuni na kutemwa baadaye kwa adabu, na siku moja kidonge kilionekana kimegandishwa kwa pasi kwenye kitambaa cha meza cha hoteli. Shangazi akagundua mbinu. Alimpa kipande kidogo cha nyama kitupu, akampa cha pili chenye kidonge ndani, na wakati huohuo akamwonyesha cha tatu mkononi. Kwa tamaa ya cha tatu, Mlinzi alimeza cha pili bila kukichunguza. Manyoya kwanza yalizidi kupukutika, jambo lililomfanya Bosi aanze kusema wametapeliwa. Halafu yakaota mapya, laini. Asubuhi moja kukasikika kitu ambacho kilikuwa kimesahaulika, Mlinzi anaibwekea soksi.

Shangazi naye aliamka, taratibu zaidi, maana hospitali ilimwanzishia dozi ndogo. Aliweza kufika mchana bila kusinzia. Sweta alifungua vifungo viwili. Bosi aliona mabadiliko ya mbwa. Ya dada yake alisema bado anayasubiri, na mashine ya mvuke nayo akaendelea kuiulizia.

Tatizo lilitoka kwenye chupa. Katika chumba kile hakuna karatasi iliyodumu. Mvuke ulibandua hata kalenda ukutani. Lebo za dawa zilidondoka katika wiki ya kwanza. Lakini pale dukani vitu havikutambuliwa kwa karatasi tangu awali. Kila fungu la nguo lilifungwa uzi kwenye tundu la kifungo. Uzi mwekundu ulimaanisha kazi ya haraka, mwenyewe asicheleweshwe. Uzi mweupe ulimaanisha mwenyewe anaweza kusubiri. Shangazi akafunga nyuzi kwenye shingo za chupa kama alivyozoea. Nyekundu akaifunga kwenye chupa ya Mlinzi, nyeupe kwenye yake, na kila siku mkono wake ulijua uende wapi bila jicho kusumbuliwa.

Dawa zilipokwisha, Bosi mwenyewe ndiye aliyepita mjini, akanunua za wote wawili. Lebo za chupa mpya zilikuwa kavu na zinasomeka vizuri. Akazibandua, kwa kuwa zingebanduka tu. Akachukua nyuzi, akazifunga, akaziweka chupa kwenye rafu, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni ameridhika.

Katika siku zilizofuata duka liliona maajabu. Shangazi alivua sweta akaitundika kwenye msumari. Hoteli ilileta vitambaa vya meza vya sherehe nzima na kabla ya mchana vilikuwa vimekunjwa. Aliimba. Alipiga pasi mashati, akapiga soksi, akapiga vitambaa vya kufutia vumbi, akapiga na pazia lililokuwa limetundikwa, palepale lilipo. Gauni lililombana likaanza kupwaya. Bosi alisimama mlangoni akiwaita wateja waje waone.

"Dawa hii ni kiboko," aliwaambia. "Mashine ya nini tena? Mashine ni huyu hapa."

Habari ya chumba cha uani haikutajwa tena. Na hapo ndipo Shangazi alipofungwa mdomo. Moyo wake ulikuwa unadunda kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Vidole vilitetemeka hadi kushindwa kuingiza uzi kwenye tundu la kifungo. Usingizi, aliokuwa nao wa kugawa, ulimkimbia. Alijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini alikuwa hajasifiwa miaka mingi, na mtu aliyekosa sifa muda mrefu hawezi kwenda kulalamika kwamba zimezidi. Akisema tu kwamba anaumwa, atarudi kuwa mvivu. Akanyamaza, akaongeza kasi.

Mlinzi kwa upande wake alirudi chini ya meza, akalala.

Hilo halikuvumiliwa. Siku chache tu zilipita, Bosi akaacha kula vizuri. Mbwa karudi nyuma, alisema, mbwa hana raha, mtazameni macho. Mke wake akamuuliza kama amemwona na wifi anavyotetemeka. Bosi akasema hiyo ni kwa sababu ya nguvu mpya, mwili bado haujaizoea. Mgonjwa hapa ni Mlinzi, na kesho asubuhi dada ampeleke kwa daktari, na chupa yake aibebe.

Shangazi alifika kule upesi mno, akimvuta mbwa kwa kamba. Daktari wa mifugo aliipokea ile chupa yenye uzi mwekundu. Alimimina vidonge kiganjani, akavisogeza kwa kidole.

"Hivi si vyangu," akasema. "Hivi ni vya hospitali, vya mtu. Mbwa huyu amekuwa akipewa hivi?"

Shangazi akasema ndiyo, Mlinzi hupewa vya uzi mwekundu, na uzi mwekundu ndio huu. Tangu chupa mpya zije, mkono wake ulikuwa umefuata nyuzi kama zamani. Na yeye kila alfajiri alimeza cha uzi mweupe.

"Na vya mbwa," daktari akauliza taratibu, "anakula nani?"

Hakusubiri jibu. Alichukua kifaa chake cha kusikilizia moyo, kilekile alichotoka kumwekea Mlinzi, akamwekea Shangazi kifuani juu ya gauni, kibali au hakuna kibali. Alisikiliza kidogo tu. Kisha akafunga zahanati yake, akamfungia Mlinzi ndani na bakuli la maji, akampeleka mama hospitali kwa gari lenye harufu ya ng'ombe.

Walimlaza siku kadhaa, wakiupoza moyo. Daktari mkubwa alisema angechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Bosi alikuja jioni, akasimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi, kama mteja aliyepotelewa na risiti.

"Nyuzi ulifunga wewe?" Shangazi akamuuliza.

"Mimi."

"Nyekundu si ya haraka?"

"Nyekundu ni ya haraka."

"Sasa mbona ya mbwa ukaipa nyeupe, na nyekundu ukaniwekea mimi?"

Bosi aliizungusha kofia. Alikuwa mtu wa maneno mengi mlangoni, na pale hakuwa na mlango.

"Niliona wewe ndiye usicheleweshwe, dada," akasema mwishowe. "Nyeupe nikamfungia Mlinzi, yeye anaweza kusubiri." Hakuwa amewahi kutazama ni rangi gani dada yake alikuwa amejifungia mwenyewe. Mara ya kwanza katika maisha yake kumtanguliza dada yake, nusura amuue.

"Na wewe," akauliza, "kwa nini nyekundu ulimpa mbwa?"

Shangazi aligeukia ukutani.

Alirudi dukani akiwa na dozi yake halisi, ikapandishwa kidogo kidogo, mpaka akawa mtu wa kawaida, jambo lililomsikitisha Bosi kimyakimya kwa sababu alikuwa ameizoea mashine. Lakini habari ya kupumzika hakuirudia. Chupa ya Mlinzi ilihamishiwa jikoni. Ya Shangazi hukaa mfukoni mwake. Nyuzi zimebaki kwenye nguo.

Miaka imepita. Mashine ya mvuke ilinunuliwa hatimaye, ikaharibika, na sasa wanawekea redio juu yake. Mlinzi amezeeka, analala chini ya meza kwa haki ya umri, na asubuhi na jioni anameza cha pili kwa tamaa ya cha tatu. Yule mtoto wa chungwa yuko sekondari na bado anakaa juu ya mashuka ya watu. Juzi alikuwa akitazama ile sweta ya kijivu, ambayo siku hizi hutandikiwa mbwa, ndipo akakumbuka kwamba anadai jibu. Akauliza tena, maneno yaleyale: mbona alikuwa anavaa sweta na yeye ndiye aliyeshika pasi.

Shangazi hakuacha kazi. Alinyoosha kola, akaigeuza, akainyoosha na upande wa pili.

"Nilikuwa nasubiri mbwa augue," akasema.